Feni Moja, Mafundi Wawili

Trekta lilianza kulalamika likiwa upande wa chini wa uwanja wa mpira, pale maji hutuama na nyasi huwa ndefu kuliko kwingine. Kwanza kilisikika kishindo kidogo, ta!, kama kijiti kinachovunjwa kwa goti. Kisha ukaja mtetemo wa krrr, krrr, kutoka chini ya kiti. Dereva aliusikia kwa masikio, akausikia na kwa makalio.

Dereva mwenyewe hakuwa dereva. Alikuwa fundi cherehani, mrefu na mwembamba kupindukia, mtaa mzima ukimwita Sindano. Siku hiyo alikuwa juu ya trekta kwa sababu mwenye trekta alikuwa amesafiri, na mwenye trekta ni mkewe.

Mke huyo aliishi kwa kukata nyasi: viwanja vya shule, uwanja wa mpira, bustani za maofisi, kando za barabara. Watoto wa mtaani walimpa jina la Mama Trekta, na jina likamkaa vizuri hata watu wazima wakalichukua. Trekta lake halikuwa kama yale makubwa ya kulimia. Lilikuwa dogo, la kuingia kwenye geti la nyumba ya kawaida bila kukwaruza nguzo, na tumboni lilibeba mashine ya kukatia nyasi. Jana yake Mama Trekta alikuwa amepigiwa simu ya ghafla: mama yake mzazi analazwa hospitali, atapasuliwa jicho. Alifunga mkoba mbiombio, akamkabidhi mumewe ufunguo.

"Uwanja wa mpira ukatwe kabla ya mechi ya Jumamosi," alisema. "Mwendo wa polepole. Na ukisikia kitu, simama."

Sindano alisikia kitu, hakusimama. Pembeni ya uwanja palikuwa na vijana wakifanya mazoezi, na aliona aibu kushuka na kuinama chini ya chombo asichokijua, huku wote wanamtazama. Akajiambia kwamba kila trekta lina kelele zake. Akakata safu moja, akakata nyingine. Alipogeuza kupanda mteremko wa kurudi getini, trekta likaishiwa nguvu. Injini ilinguruma kama kawaida, ila magurudumu yalisitasita kama mtu aliyesahau anakwenda wapi, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikapanda hadi puani. Hapo ndipo alipozima.

Alishuka, akachungulia chini. Joto lilimpiga usoni kama amefungua tanuri. Nyuma kidogo, kwenye nyasi alizozikata, aliokota vipande vya plastiki nyeusi vilivyopinda kama magamba, na kipande cha waya wa uzio kilichosokotana. Akavitia mfukoni, akaona jasho jembamba linamtoka.

Muuza maziwa alimsaidia kulivuta kwa pikapu hadi nyumbani. Wakati wanaliingiza uani, simu ikalia.

"Mama ameingizwa sasa hivi chumba cha upasuaji," mkewe alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo kisha akanawa uso. "Huko salama?"

Sindano alitazama trekta. "Salama kabisa," akasema. "Wewe muuguze mama, huku usiwe na wasiwasi."

Alimwita fundi wa pikipiki wa jirani. Yule aliingiza kichwa chini, akapiga mluzi, akakitoa.

"Hili mpelekee Jeki," alisema. "Ndiye aliyelizaa."

Sindano alijua ataambiwa hivyo. Ndiyo maana alikuwa ameanza na fundi wa pikipiki.

Jeki alikuwa fundi magari mwenye gereji upande wa pili wa mji. Jina alilipata ujanani, alipoinua nyuma ya gari kwa mikono mitupu ili mwenzake atoe tairi. Tena alikuwa mume wa kwanza wa Mama Trekta. Trekta lile walilinunua pamoja likiwa chuma chakavu kilichootewa na magugu, yeye akalifumua na kulifunga upya, boliti kwa boliti. Ndoa ilipovunjika, mke alichukua nyumba na trekta, mume akabaki na gereji. Binti yao alikuwa ameolewa mbali. Baada ya hapo watu hao wawili wakikutana njiani waliulizana habari za binti, wakapishana. Jeki na Sindano wao hawakuwa na la kuulizana. Waliinuliana mkono kutoka mbali, kila mtu na hamsini zake.

Sindano akapiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta Jeki amekaa juu ya tairi, anasafisha plagi kwa kitambaa. Alikuwa mtu mnene wa kifua, nywele zimeanza kuota mvi, bega moja limeshuka kuliko jingine.

"Karibu, fundi," Jeki alisema.

"Asante, fundi."

Hilo lilikuwa neno salama. Wote wawili walikuwa mafundi, basi hakuna aliyedanganya na hakuna aliyejikomba. Sindano akatoa vipande vya plastiki mfukoni, akavipanga juu ya meza.

Jeki alivitazama bila kuvigusa. "Ilikuwa na sauti gani?"

"Krrr, krrr."

"Kisha?"

"Kisha likachoka kupanda mlima."

"Baada ya hiyo krrr uliendelea kukata?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hadi likagoma."

Jeki alitikisa kichwa. "Hiyo ni feni ya kupoza giaboksi. Trekta lile halina gia za kuchomeka kwa mkono. Giaboksi yake inasukumwa kwa nguvu ya mafuta, na mafuta yanachemka. Feni ipo pale kuyapulizia upepo. Waya umeingia, umekula mabawa. Ukiendesha bila feni, giaboksi inakufa. Giaboksi ikifa, trekta litabaki kiti cha kuku."

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Yupo?"

"Hayupo. Mama yake kapasuliwa jicho."

Uso wa Jeki ulibadilika kidogo. "Na anajua habari za trekta?"

"Hajui."

Jeki akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi una haraka kuliko mwenye jino bovu."

Walipiga simu kwenye duka la vipuri. Feni kama ile ilibidi iagizwe ng'ambo, na mwenye duka hakuthubutu kutaja itafika lini. Jeki akaenda nyuma ya gereji, akafukua lundo la vyuma, akarudi na feni ya trekta jingine. Tundu la katikati lilikuwa saizi ileile, lenye meno yaleyale ya kung'ata shafti, ila mabawa yake yalikuwa marefu mno.

"Tutayakata," alisema. Akaitupa kwenye sanduku la vifaa.

Walipofika nyumbani, Sindano alifungua geti akaingia. Alipogeuka, aliona Jeki bado amesimama nje, sanduku mkononi.

"Hodi," Jeki alisema.

Sindano alikuwa amesahau kabisa kwamba sakafu ya ua ule, kuanzia getini hadi kwenye kibaraza, aliimwaga yeye Jeki kwa mikono yake. "Karibu, fundi. Karibu ndani, pita."

Jeki aliingia kwa hatua za mgeni. Alitazama mapazia ya maua dirishani, akatazama kamba ya nguo iliyohamishiwa upande wa jua, akainua macho paani.

"Mmebadilisha bati."

"Lilikuwa linavuja."

"Lilivuja tangu enzi zangu," alisema, kisha akashughulika na kufungua sanduku.

Walikinga magurudumu kwa mawe, mbele na nyuma. Walichomoa pini za mashine ya kukatia nyasi, wakaiburuta pembeni, tumbo la trekta likabaki wazi. Jeki akatandika gunia na kujilaza chini. Alijaribu kunyoosha mkono kuelekea juu, akaguna. Akajaribu tena kwa ubavu wa pili. Mwishowe alijitoa, amekunja uso.

"Injini iliniangukia begani mwaka juzi," alisema. "Nikiwa nimesimama nafanya kazi zote. Nikilala chali, mkono haupandi. Utaingia wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni Sindano au si Sindano? Pale panataka mtu wa kupenya."

Sindano alipenya. Kule chini palikuwa na ulimwengu mwingine. Nyasi kavu zilikuwa zimeshikamana na grisi, zikajaza kila upenyo kama kiota cha ndege mchafu. Jeki alipiga magoti pembeni, akaingiza tochi.

"Unaona shafti? Ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye injini kuja kwenye giaboksi?"

"Naiona."

"Feni, au kilichobaki cha feni, imevaa mwisho wa hiyo shafti. Hatuwezi kuitoa mpaka shafti ilegezwe isogee nyuma. Anza na boliti mbili za kwenye kiungo. Spana hii hapa."

Boliti ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa imeng'ang'ania, na vumbi lilimwagikia macho ya Sindano kila alipovuta.

"Kushoto," Jeki alisema.

"Ndiyo."

"Kushoto, nimesema!"

"Huku ni kushoto."

"Kushoto kwa boliti, si kushoto kwako! Umelala chali, mtu wewe! Unafungua au unakaza? Tazama! Anakaza! Mtu mzima na ndevu zako hujui kushoto! Toa mikono, utakata kichwa cha boliti, sijui mimi nilikuwa nafikiria nini kumtia chini mtu wa..."

Spana ikateleza. Vifundo vya Sindano viligonga chuma, ngozi ikachubuka.

Alilala pale kidogo huku vifundo vinamwaka moto, na jambo moja likamjia kichwani. Walipooana tu, miezi ile ya kwanza, kila sahani ilipoanguka jikoni mkewe aliruka na kuomba radhi kabla hata yeye hajageuza shingo. "Samahani, samahani, nimeteleza, nitaokota." Sindano alikuwa akishangaa. Alidhani ni tabia tu ya mtu, kama wengine wanavyopiga chafya wakitoka juani. Sasa, akiwa na grisi usoni na sauti ile ikimvuma masikioni, alielewa.

Alijisogeza akatoka, akakaa juu ya gunia, akafunga kitambaa kwenye vidole.

"Fundi," alisema, "naomba usinifokee."

"Sikufokei. Ndiyo sauti yangu hii."

"Naisikia. Lakini ukipaza, mkono wangu unatetemeka. Mkono ukitetemeka, spana inateleza. Si kwamba sikusikii. Nakusikia kupita kiasi."

"Gerejini wote tunaongea hivi."

"Hapa si gerejini, kaka."

Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa boliti, akaona haina faida, akaenda zake.

"Kumbe amekusimulia mambo yangu," Jeki alisema.

"Hajawahi kukusema vibaya. Hata mara moja. Ila sahani ikianguka humu ndani, huomba radhi kama ameua mtu. Siku hizi imepungua. Zamani ilikuwa kila siku."

Jeki alikaa chini. Alichukua spana, akaanza kuifuta ingawa haikuwa chafu.

"Hakuwahi kuniambia nisimfokee," alisema baadaye.

Sindano alikaza fundo la kitambaa vidoleni.

"Mwishoni alikuwa kimya sana. Unamwongelesha, kimya. Nikadhani kazi imemchosha. Nami nikawa nazidisha sauti, ili anisikie." Aliigeuza spana upande wa pili, akaufuta na huo. "Alikuwa ananisikia kupita kiasi."

Sindano angeweza kusema jambo la kumliwaza, lakini kila alilolifikiria lilionekana dogo. Akamsogezea kikombe cha maji. Jeki akayanywa yote.

"Haya," alisema. "Rudi chini. Nitasema polepole."

Akasema polepole. Ilimgharimu. Kila neno alilibeba kama mtu anayebeba beseni lililojaa maji hadi ukingoni.

"Weka spana. Hapo hapo. Sasa vuta kuelekea kwenye goti langu." Akahamishia tochi mkono wa pili. "Tafadhali."

Neno hilo lilitoka vibaya, limepinda, kama halijawahi kutumika. Sindano akacheka kule chini. Jeki naye akacheka, na boliti ikalegea.

Shafti ilirudi nyuma, boliti ya katikati ikatoka, na feni ikavutika. Lililobaki lilikuwa kitovu na bawa moja na nusu. Walichukua bisibisi na brashi, wakachokoa nyasi zote zilizoganda juu ya giaboksi hadi chuma kikaonekana, kisha Jeki akapuliza kwa pampu ya tairi. Walipima mafuta, yakawa yamepungua kidogo lakini hayakuwa meusi. Jeki aliyanusa, akayasugua kati ya vidole, akapumua.

"Giaboksi ni nzima," alisema. "Una bahati wewe."

Ikabaki feni yenyewe. Jeki aliiminya kwenye jiriwa, akakata mabawa kwa msumeno wa chuma, anakadiria kwa jicho. Sindano akaivika, akarudisha shafti, akakaza. Jeki akawasha injini.

Trekta lote lilitetemeka kama lina homa. Sanduku la vifaa liliimba. Jeki alizima haraka.

"Haina uwiano," alisema. "Bawa moja likizidi jingine, inapiga kelele, na mwisho wake inakula beringi." Alivuta pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kutukana, kifua kikajaa. Kisha akaitoa taratibu, bila neno ndani yake. "Itoe tena."

Sindano aliitoa, akaigeuza mkononi, akaitazama kama anavyotazama shati la fundi mwingine.

"Niachie niikate mimi," alisema.

Aliingia ndani, akarudi na chaki, futi ya kupimia na kipande cha karatasi ngumu. Alitafuta bawa lililokatwa fupi kuliko yote, akalichora kwenye karatasi, akakata kielelezo kwa mkasi. Kisha akakilaza juu ya kila bawa, moja baada ya jingine, akazungushia chaki.

"Ni kama kola," alieleza. "Kola ikizidi upande mmoja hata kwa upana wa uzi, shati zima linaonekana limelewa."

Jeki alifuata mstari wa chaki kwa msumeno, Sindano akalainisha kingo kwa tupa. Walipomaliza, Jeki alipitisha bisibisi katikati ya feni, akaishika ining'inie. Bawa moja likashuka chini.

"Hilo ndilo zito. Likwangue kidogo."

Sindano alilikwangua. Feni ikazungushwa tena, bawa jingine likashuka, nalo likakwanguliwa. Wakaendelea hivyo, vichwa vimekaribiana, hadi ikawa kila wakiizungusha inasimama inapotaka yenyewe, leo huku kesho kule, bila upendeleo.

"Sasa hiyo ndiyo feni," Jeki alisema.

Sindano alikuwa amerudi chini anakaza boliti ya mwisho, na Jeki ameinamisha kichwa na tochi, pale geti lilipofunguka. Mama Trekta aliingia na mkoba wake. Aliona miguu mirefu ya mumewe imetokeza upande mmoja wa trekta, na upande wa pili mgongo alioujua kabla hajamjua mwenye miguu. Alisimama katikati ya ua.

"Nani kafa?" aliuliza.

Kichwa cha Sindano kiligonga chuma. "Mke wangu! Umerudi?"

"Nimefuata nguo za mama. Kesho narudi hospitali. Ninyi mmetoka wapi?"

Sindano alitambaa hadi nje. Uso wote ulikuwa mweusi, macho tu ndiyo yaliyobaki ya kwake. "Feni ilivunjika," alisema. "Ya giaboksi. Kulikuwa na waya kwenye nyasi."

"Hukusikia sauti?"

"Nilisikia."

"Ukasimama?"

"Baadaye."

"Na kwenye simu ukaniambia salama kabisa."

"Sisi tulikuwa salama. Aliyeumia ni trekta."

Mama Trekta alitaka kukasirika, ikaonekana wazi kwamba anataka, lakini alikuwa amechoka, na uso ule mweusi ulikuwa ukimtazama kama wa mtu anayeomba asiuawe. Kicheko kikamtoroka. Aliweka mkoba kwenye kibaraza.

Jeki alikuwa bado amepiga magoti. Aliinuka, akajipangusa. "Mbona ulikuwa husafishi huku chi...!" Sauti ilikuwa imeshapanda, ya zamani, ileile. Mama Trekta akaukamata tena mkoba pale kibarazani. Jeki aliona jinsi mkono wake ulivyoukaza mkoba. Alinyamaza, akatazama chini, akaanza upya kutoka mbali.

"Nyasi zilikuwa zimejaa juu ya giaboksi," alisema. "Feni hata ikiwa nzima, upepo ulikuwa haupiti. Ukipulizia kila unapomaliza kazi, itapoa vizuri. Ni hilo tu."

Mama Trekta alimtazama muda mrefu, kama anayemtafuta mtu kwenye umati.

"Sawa," alisema. "Nitapulizia."

Aliuachia mkoba, akasogea karibu na trekta.

"Na mama?" Jeki aliuliza. Aliuliza huku amegeukia sanduku lake. "Anaendeleaje?"

"Jicho limekwenda vizuri, daktari anasema. Lakini anachosha wauguzi. Na anakuulizia."

"Ananiulizia mimi?"

"Kila nikienda husema: yule mtu kafa, au kaoa, au kapoteza njia ya kwangu?"

Jeki alisugua shingo, akaacha alama ya grisi. "Niliona haifai. Baada ya yote yale. Nitaingiaje kwa mama wa watu?"

"Aliyekuacha ni mimi," Mama Trekta alisema. "Yeye hakukuacha."

Alipanda kwenye kiti, akawasha. Safari hii trekta lilinguruma kwa utulivu, na chini yake ukasikika mvumo mwembamba, laini, kama mtu anayepoza chai. Sindano akainama na kuweka kiganja. Upepo ulikuwa unapita. Mama Trekta aliliendesha akazunguka ua, akatoka nalo, akapanda kilima cha mtaani hadi juu na kushuka. Aliporudi, aliingiza mkono chini, akagusa giaboksi, akaitikia kwa kichwa. Uwanja wa mpira aliumalizia mwenyewe jioni ileile, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Feni ile ya kukatwa ilifanya kazi hadi mpya ilipowasili, na hata ilipowasili hakuwa na pupa ya kuibadilisha.

Siku ya Jumapili Sindano alipita gerejini amevaa shati safi. Jeki alikuwa anamsubiri, naye amevaa shati safi, amejisugua mikono kwa sabuni ya unga hadi ikawa myekundu. Walikwenda hospitali pamoja. Mama Trekta alikuwa ameshatangulia.

Mlangoni mwa wodi walimkuta muuguzi.

"Ninyi ni nani wa mgonjwa?"

"Mkwe," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Mmeoa dada wawili?"

"Hapana," Sindano alisema.

"Binti ni mmoja," Jeki alieleza. "Tulipokezana."

Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaamua kwamba kazi aliyonayo inamtosha. Akawaonyesha kitanda.

Bibi alikuwa ameketi, jicho moja limefungwa bandeji, la pili limefumbwa kwa kukwepa mwanga. Sindano alimwamkia, akaitikiwa. Jeki alisimama mwisho wa kitanda. Bibi aliinua pua.

"Nani ananuka gereji humu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Uso wa bibi ulikunjamana. "Sogea hapa nikuzabe kofi," alisema. Jeki alisogea, akainama. Mkono wa bibi ulipanda, ukampapasa shavu, ukabaki hapo. "Umekonda."

"Nimenenepa, mama."

"Nimesema umekonda."

"Ndiyo, mama. Nimekonda."

Mama Trekta alikuwa amekaa kwenye stuli akimenya chungwa. Aliendelea kulimenya, ameinamisha kichwa, ganda likirefuka taratibu bila kukatika.

Baadaye bibi alisema amechoka na chumba, anataka kwenda nje, juani. Daktari alikuwa amemruhusu atembee iwapo atashikwa. Sindano akamshika mkono wa kulia, Jeki wa kushoto. Upande mmoja ulikuwa mrefu mno, upande wa pili bega limeshuka, na bibi katikati akatembea amepinda kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Ukumbi ulikuwa mrefu. Wagonjwa wengine waligeuza vichwa.

"Nyie watu," bibi alisema walipofika katikati, "hamwezi kwenda hatua moja? Huyu ananiinua, huyu ananishusha."

Jeki alifupisha hatua, Sindano akakunja magoti kidogo, wakaendelea hadi mlangoni, kwenye jua.